Kabla Hujasema Maziwa Hayatoshi: Mwongozo wa Kunyonyesha kwa Mzazi Mpya

Siku ya tano baada ya kujifungua ndiyo siku ninayoitwa sana. Simu inalia jioni, jua la Dodoma limeanza kupoa, na nikifika nakuta yaleyale: mzazi amekaa ukingoni mwa kitanda machozi yanamtoka, mtoto analia mpaka sauti inakauka, bibi mtu amesimama na kikombe cha maji ya sukari, na mmoja wa ndugu, mara nyingi wifi, ameshatoa hukumu: "Huyu maziwa hayatoshi."

Nimekuwa muuguzi mkunga kwa zaidi ya miaka 20, mjini na vijijini kuelekea Bahi na Chamwino. Kati ya wazazi wote niliowakuta katika hali hiyo, waliokuwa na maziwa machache kweli hawajazi daladala moja. Kwa waliobaki, shida ilikuwa pale mdomo wa mtoto unapokutana na ziwa, na yaliyofuata yote, vidonda, uvimbe, homa, mtoto kutoongezeka uzito, yalianzia hapo. Wala sisemi kwa kujiona. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa cheti cha ukunga kikiwa kabatini, na siku ya nne chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Nikisikia anaamka, nilikuwa natetemeka. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa usafi wa wodini, mzazi wa watoto saba, aliyenitazama kidogo akasema, "Sista, wewe unampelekea ziwa. Mlete yeye."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo msingi wa mwongozo huu.

Saa ya kwanza

Mtoto akizaliwa salama, awekwe kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunikwe kanga mkiwa wawili, na aanze kunyonya ndani ya saa moja. Mwambie mkunga mapema, hata uchungu ukiwa unaendelea, kwamba hilo ndilo unalotaka. Wodi ikijaa, jambo dogo kama hili husahaulika. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza kuanza mara akiwa macho na ana nguvu ya kumshika mtoto akisaidiwa. Mtoto alazwe ubavuni au apitishwe kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili asiguse mshono.

Kitakachotoka ni dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano. Bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu yaliyolala titini miezi tisa. Usiyamwage. Yamejaa kinga ya maradhi, na ni machache kwa sababu mtoto wa siku moja anahitaji machache: kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mzazi wa kwanza au aliyepasuliwa yanaweza kuchelewa kidogo. Usiku wa pili mtoto anaweza kutaka ziwa kila baada ya nusu saa. Hafi njaa. Anayaita maziwa yashuke.

Kumweka mtoto kwenye ziwa

Hapa usiwe na haraka. Ukipata sehemu hii, nusu ya mwongozo hutaihitaji.

1. Kaa mgongo umeegemea kitu: ukuta, mto, hata gunia la nguo. Miguu ikae chini imara. Mama aliyeinama kumfuata mtoto, baada ya dakika kumi mabega yanawaka moto, mkono unachoka, na ziwa linachomoka taratibu mdomoni.

2. Mlaze mtoto kwa ubavu, tumbo lake ligusane na tumbo lako. Sikio, bega na nyonga vikae kwenye mstari mmoja. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji huku umegeuza shingo pembeni, ndipo utaelewa kwa nini mtoto aliyelazwa chali na kugeuzwa kichwa tu hawezi kunyonya.

3. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Mdomo ubaki chini kidogo. Shika shingo na mabega. Usisukume kisogo, watoto wengi wakishikwa kisogo wanarudi nyuma kwa hasira.

4. Gusagusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, kisha subiri. Subiri kweli. Mdomo ukifunguka kidogo bado; unataka ufunguke kama wa mtu anayepiga miayo.

5. Ukifunguka hivyo, mlete yeye haraka, kidevu kikitangulia. Chuchu ielekee kwenye paa la kinywa, si katikati ya ulimi.

6. Sasa tazama. Kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa bila kubonyea, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ananyonya harakaharaka mwanzoni, kisha polepole, na unasikia akimeza.

7. Maumivu ya sekunde chache za mwanzo ni ya kawaida siku hizi za kwanza. Yakiendelea, hajashika vizuri. Ingiza kidole kidogo safi pembeni mwa mdomo wake, achie, uanze tena, hata mara tano.

Akiachia mwenyewe, iangalie chuchu. Ikitoka ya mviringo, mmepatana. Ikitoka imebanwa upande mmoja kama penseli iliyochongwa vibaya, rudi hatua ya tatu.

Chuchu fupi au zilizoingia ndani si kizuizi, kwa kuwa mtoto hunyonya ziwa, hanyonyi chuchu. Kwa zilizodidimia sana, muuguzi anaweza kukuonyesha namna ya kuivuta taratibu kwa bomba la sindano lililokatwa ncha, dakika moja kabla ya kunyonyesha. Na mtoto ambaye kila mkijaribu anateleza, chunguza chini ya ulimi: ukiwa umefungwa na ngozi fupi hata hauvuki ufizi, mpeleke kituo cha afya waangalie.

Chuchu zikipasuka

Dawa ya kwanza ya kidonda ni kurekebisha mshiko, maana mafuta yoyote utakayopaka hayana kazi kama kinachojeruhi kinarudi kila baada ya saa mbili. Anza na ziwa lenye nafuu. Ukimaliza, kamua matone machache, yapake kwenye kidonda, acha yakaukie hapo. Kuoga mara moja kwa siku kunatosha. Sabuni kila mnyonyo inakausha ngozi ikapasuka zaidi. Maumivu yakikushinda kabisa, lipumzishe ziwa hilo siku moja, lakini likamue kwa mkono kila unapofika muda wa kunyonya na umpe mtoto kwa kikombe.

Kidonda kinachochoma kama pilipili hata baada ya mtoto kuachia, chuchu ikiwa inang'aa na kuwasha, na mtoto ana utandu mweupe mdomoni usiofutika kwa kitambaa, hiyo huenda ni fangasi. Mnatibiwa wawili kwa pamoja. Akitibiwa mmoja mnaambukizana upya.

Titi likiwa gumu kama jiwe

Maziwa yakishuka, titi huweza kukaza mpaka ngozi ikang'aa. Mtoto naye anashindwa kushika kwa sababu hakuna mahali laini pa kuingiza mdomo, basi anavuta chuchu tupu. Fanya hivi: bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu, ukielekeza kifuani, kwa dakika moja hivi. Uvimbe unarudi nyuma na ule weusi unalainika. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kunyonyesha kinasaidia maziwa kutiririka, na cha maji baridi baada ya kunyonyesha kinatuliza maumivu. Kamua kidogo tu, kiasi cha kulainisha, kisha mnyonyeshe mara kwa mara usiku na mchana. Ukikamua hadi litoke tone la mwisho unaliambia titi litengeneze zaidi.

Na hapa nina neno kwa akina bibi wanaokanda wazazi. Kukandwa kunapumzisha mwili na mimi mwenyewe nilikandwa. Lakini titi lililovimba si mahali pa maji ya moto yanayounguza, wala pa kukamuliwa kwa nguvu kama nguo. Nimeona titi lenye malengelenge, na mwenye titi akiwa anaona haya kusema nani aliyemkanda.

Bonge, homa, jipu

Wakati mwingine sehemu moja tu inakuwa na bonge linalouma. Endelea kunyonyesha kama kawaida, papase taratibu kuelekea kwapani bila kusugua, weka kitambaa baridi, vua sidiria inayobana. Mara nyingi linayeyuka ndani ya siku moja au mbili.

Sehemu hiyo ikiwa nyekundu na ya moto, ukapata homa na kutetemeka kama mwenye malaria, hiyo ni kuvimba kwa titi. Kwetu huku watu wengi wanakimbilia kupima malaria, wanaambiwa hakuna, wanarudi kulala. Mwonyeshe mhudumu titi lako, usione haya. Usiache kunyonyesha upande huo. Maziwa hayamdhuru mtoto, na kuyaacha yakae ndiko kunakoleta jipu. Parasetamoli ni salama kwa anayenyonyesha. Usipoona nafuu ndani ya saa 24, au hali ikiwa mbaya tangu mwanzo, unahitaji viuavijasumu kutoka kituoni, na umalize dozi hata ukijisikia mzima siku ya tatu. Bonge likiwa laini katikati kama lina maji ndani, hilo ni jipu. Linatolewa usaha hospitalini, halichomwi sindano nyumbani.

"Hayatoshi"

Kulia si kipimo. Mtoto analia kwa joto, kwa baridi, kwa kutaka kubebwa, kwa kuchoka. Jioni, watoto wengi hutaka kunyonya mfululizo saa mbili au tatu, na kuna siku, mathalani wiki ya tatu na ya sita, wanaposhika ziwa kutwa. Titi likiwa laini halina maana kwamba ni tupu. Baada ya wiki kadhaa titi huacha kujaa na kuvuja kwa sababu limeshajua kiasi kinachotakiwa, na hapo ndipo wengi hununua kopo la maziwa bila sababu.

Kipimo ni nepi. Siku ya kwanza nepi moja yenye mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya tano au ya sita, nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe. Choo kinatoka cheusi kama lami, kinakuwa cha kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Wanaotumia pampasi wanapata taabu kuhesabu. Kwa wiki mbili za mwanzo nashauri nepi za kitambaa, hata kama maji ni ya mgao.

Kipimo cha pili ni mizani ya kliniki. Mtoto hupungua siku za mwanzo, na hilo humtisha kila anayeona kadi. Aliyezaliwa na kilo 3 akishuka hadi 2.8 hana shida. Akishuka chini ya 2.7, yaani zaidi ya asilimia 10, mshiko uangaliwe siku hiyohiyo. Kufikia wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, au amekaribia sana.

Nepi zikiwa pungufu kweli, maziwa yanaongezwa kwa njia moja: yatolewe mara nyingi zaidi. Mtoto wa siku hizo anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Aliyelala mno mwamshe kila saa tatu. Mvue nguo, msugue nyayo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi. Amalize ziwa moja kwanza ndipo umpe la pili, kwa kuwa maziwa yanayoanza ni mepesi na yanayofuata yana mafuta zaidi. Hayo mepesi ndiyo yanayofanya watu waseme "mbona kama maji." Usiku usiuruke, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Akimaliza, kamua dakika kumi. Chuchu bandia na chupa viweke mbali.

Chakula? Kula mlo mmoja zaidi ya uliozoea. Uji wa uwele uliotiwa karanga, ugali wa mtama kwa mlenda, maharage, dagaa, yai likipatikana. Supu ya kuku ni nzuri na mama mkwe akikuletea kunywa, ila supu inamlisha mama; maziwa yanaletwa na kunyonywa. Nimewaona wazazi wakinyweshwa supu sufuria nzima huku mtoto amelala saa sita bila kuguswa ziwa.

Wapo wenye upungufu wa kweli: waliovuja damu nyingi, waliobakiwa na kipande cha kondo tumboni, wenye shida ya tezi ya shingo, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa titi, na wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hao wanahitaji kituo cha afya, na wakati mwingine mtoto anahitaji nyongeza kwa ushauri wa mtaalamu. Hakuna aibu katika hilo.

Maji, na joto la Oktoba

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja Dodoma hapakaliki. Vumbi, upepo, bati linatoa moto. Ndipo husemwa mtoto ana kiu. Takriban asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya mara nyingi hahitaji hata tone la maji mengine, wala maji ya sukari, wala yale maji ya dawa ya tumbo yanayouzwa dukani. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa tumboni, na kama ndoo imekaa siku tatu ikisubiri mgao, kinaingiza na kuhara. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mvue sweta alilovishwa na bibi, na weka jagi la maji jirani na wewe unaponyonyesha. Mwenye kiu ni wewe.

Maneno ya nyumbani

Mzazi aliye ndani ya arobaini hana nguvu ya kubishana, kwa hiyo niseme kwa niaba yake.

Kubemenda. Inasemwa kwamba mama anayenyonyesha akikutana na mwanamume, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Ila waliokuja na neno hili hawakuwa wajinga, waliona kitu. Waliona mtoto wa miezi minane mama yake akishika mimba nyingine, akiachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mwepesi, akaanza kuhara na kukonda. Kilichomdhoofisha ni kuachishwa. Ukipata mimba unaweza kuendelea kunyonyesha, isipokuwa kama daktari ana sababu ya kukuzuia. Na kama hutaki mimba ya mapema, kunyonyesha kwenyewe kunakinga vizuri ikiwa mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, anapata ziwa tu mchana na usiku, na hedhi yako haijarudi. Moja likikosekana, nenda ukachague njia nyingine kliniki.

"Maziwa yamechacha" kwa sababu mama alishinda juani au mtoni. Hayachachi yakiwa titini. Mnyonyeshe.

La mwisho ni zito. Mtoto anayelia sana au asiyenyonya vizuri huku kwetu hupelekwa kukatwa kimeo, au kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Na kwa watoto wa kike, Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma, husemwa ana lawalawa, kisha anakeketwa. Vidonda hivi vimeua watoto kwa damu na kwa pepopunda. Kinachoitwa lawalawa ni muwasho au maambukizi yanayotibika kwa usafi na dawa, na ukeketaji ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya mwaka 1998. Mama, mtoto akilia usiku usimwachie mtu yeyote aondoke naye "mara moja tu."

Mama anayeishi na VVU

Unanyonyesha. Unameza dawa zako za ARV kila siku bila kuruka, mtoto anapewa dawa ya kinga na kupimwa kwa ratiba ya kliniki, na kwa miezi sita anapata ziwa peke yake. Kuchanganya ziwa na uji au maziwa mengine katika kipindi hicho ndiko kunakoongeza hatari. Chuchu ikipasuka au titi likivimba, nenda kituoni siku hiyohiyo. Upande huo ukamue na umwage, mtoto aendelee na upande mzima mpaka upone.

Kurudi kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawaijui, na mabosi wengine wanajifanya hawaijui. Ukifanya kazi Mtumba na mtoto yuko Nkuhungu, kwenda na kurudi mchana haiwezekani. Andika barua mapema ukiomba saa hizo mbili ziwe za kuondoka mapema. Anayeuza kwenye soko la Majengo au la Sabasaba ana nafuu yake: mtoto anakaa mgongoni au chini ya meza. Na wa shamba, msimu wa kupanda ukianza Desemba, nenda naye akalale kivulini, usimwachie dada yake wa miaka saba na chupa ya uji.

Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, umbali wa sentimita 4 hivi kutoka ncha ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole kwa pamoja, achia. Usiteleze kwenye ngozi. Mwanzoni hakitoki kitu. Vumilia dakika mbili. Zungusha vidole, badili titi kila dakika tano, jumla dakika 20 hadi 30. Siku ya kwanza ukipata vijiko vitatu umefanya vizuri.

Kiasi cha kuacha nyumbani ni kama mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa haupo. Saa kumi, mililita 300, zigawanywe vikombe vitatu au vinne. Kwenye joto la nyuzi 25 au chini yake maziwa yanakaa saa 4. Mchana wa Oktoba hesabu pungufu ya hapo. Friji, sehemu ya nyuma na si mlangoni, siku 4. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, usiweke akiba kubwa. Kupasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyaweke jikoni wala kwenye maikrowevu. Mafuta yakielea juu hayajaharibika, zungusha kikombe yatachanganyika.

Mfundishe dada wa nyumbani kulisha kwa kikombe kidogo. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Asimwagiwe. Kikombe kinasafishika kwa maji kidogo, chupa haisafishiki, na katika mji wenye mgao hilo pekee linatosha kuamua.

Moyo ukiwa mzito

Kulia bila sababu wiki mbili za mwanzo huwapata wengi, na hupita. Ukivuka wiki mbili bado unaona giza, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, mwambie mtu leo, kisha nenda kituo cha afya. Najua hapa kwetu ukitaja Hospitali ya Mirembe watu wanacheka. Acha wacheke. Kule kuna wataalamu wa afya ya akili, na nimewasindikiza wazazi wawili waliorudi wakiwa wamepona na wakaendelea kunyonyesha.

Usisubiri kukuche

Mtoto anayekataa kunyonya kabisa, mwenye homa au aliyepoa mwili, anayepumua kwa haraka au kifua kinabonyea, mwenye degedege, aliyelegea asiamke, asiyekojoa tangu asubuhi hadi jioni, au aliyekuwa wa njano ndani ya siku ya kwanza au mpaka viganjani na nyayoni: huyo ni wa hospitali usiku huohuo, umembeba ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge, na ukimnyonyesha njiani kama anaweza. Wewe mwenyewe ukivuja damu nyingi, ukipata homa kali au kichwa kikali na macho kuona ukungu, ni hivyohivyo.

Akitimiza miezi sita

Sasa mama mkwe alete uji wake. Uwe mzito, ubaki kwenye kijiko ukikigeuza, wenye karanga iliyosagwa au yai, wala usiwe ule mwepesi wa kunywewa. Mlenda uliopondwa na dagaa wa kusaga vinamfaa pia. Vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku vinatosha kuanzia. Mpe ziwa kwanza, uji ufuate, na ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.